KILA KIFAA NA KAZI YAKE
Maneno ya kamati ya ujenzi katika harambee ya mwaka



Kila harambee tunasikia ahadi: huyu mabati kumi, yule mifuko mitano ya saruji, mwingine tripu ya mchanga. Tunashukuru sana. Leo tunaomba jambo moja: kabla ya kununua, tuulizane kifaa hicho kinakwenda kufanya kazi gani.

Hili si geni kwetu. Wazee hawakuchonga mpini wa jembe kwa mti wowote. Walitafuta mti mgumu usiopasuka upesi. Nyumba walisiriba kwa udongo wa kichuguu kwa sababu unashikamana.

Tuanze na msingi. Upande wa Serengeti zipo sehemu zenye udongo mweusi wa mbuga. Mvua ikinyesha unavimba, kiangazi unasinyaa. Ukijenga juu yake, ukuta utapasuka hata kama tofali ni zuri. Hapo tuchimbe hadi ardhi ngumu, tujenge kwa mawe, ambayo vilima vyetu vinayo tele.

Ukuta nao una uchaguzi wake. Matofali ya kuchoma yanastahimili maji, lakini yanakula kuni nyingi. Matofali ya kufungamana hushindiliwa kwa mashine kwa udongo na saruji kidogo, wala hayachomwi. Ila yanataka udongo wenye mchanga, si ule mweusi, na yamwagiliwe maji angalau siku 7 yakiwa kivulini.

Kwenye lenta tusibane nondo. Zege linabeba vizuri mzigo unaolikandamiza, lakini likivutwa linapasuka. Nondo ndiyo inayohimili kuvutwa.

Sasa mabati. Namba ya geji ikiwa kubwa, bati ni jembamba: la geji 32 ni jembamba kuliko la 30, na la 30 kuliko la 28. Mabati yakija ya geji na migongo tofauti, hayapandani sawasawa, na maji yatashuka kwenye madaftari ya watoto.

Tunajua bati la geji 28 ni ghali. Mwenye uwezo wa bati moja alete moja. Litadumu kuliko mawili membamba yatakayong'olewa na upepo. Waliokwisha kununua membamba wasivunjike moyo: yataezeka banda la kuhifadhia saruji wakati wa ujenzi.

Kwa hiyo, ndugu zetu, anayeahidi kifaa achukue kwanza orodha ya fundi kwa mweka hazina, anunue kama ilivyoandikwa. Asiyepata nafasi ya kwenda dukani atoe fedha, kamati inunue kwa pamoja na kuwaletea risiti mkutanoni.

Karibuni tuchangie.