MTOTO MWENYE UONI HAFIFU AWEZA KUANDIKA

(Maneno ya hotuba mbele ya wanachama wa tawi)



Sote twajua tofauti ya mtu atiaye sahihi yake siku ya mshahara na mtu apakwaye wino kidoleni. Leo twasema juu ya watoto wetu wenye uoni hafifu, wasije wakaishia kwenye kidole.

Watoto hawa si vipofu. Lakini hata wakivaa miwani, kile ambacho wengine hukiona wakiwa mbali mita 18, wao hawana budi kukikaribia mpaka mita 6, au karibu zaidi. Ubao hawauoni vema. Wakiinamia daftari, kivuli cha kichwa hufunika maandishi. Basi herufi hupandana, na watu husema mtoto ni mvivu.

Njia ilikwisha kupatikana. Katika miaka ya 1960 huko Santa Monica, Marekani, mtaalamu wa hesabu Samuel Genensky, ambaye mwenyewe alikuwa na uoni hafifu, alitengeneza pamoja na wenzake wa shirika la RAND chombo cha televisheni cha kusomea na kuandikia. Kamera hutazama karatasi mezani, na maandishi huonekana makubwa kwenye kioo. Mtoto huweka mkono chini ya kamera, akaiona ncha ya kalamu yake ikienda.

Kufundisha kuna utaratibu wake. Kwanza mwalimu aandike herufi moja polepole chini ya kamera, mtoto aone inapoanza na inapoishia. Halafu mtoto achore mistari na duara, mpaka mkono uzoee kufanya kazi huku macho yako kwenye kioo. Kalamu iwe nene, na mistari ya karatasi iwe myeusi sana. Picha isikuzwe kupita kiasi, ama ataona nusu ya herufi na kupotea mstari. Tena picha ikichelewa nyuma ya mkono, chombo hicho hakifai kuandikia.

Siku hizi hata simu yenye kamera, ikifungwa imara juu ya meza na kuunganishwa na televisheni, yafaa kuanzia.

Hatuombi sadaka. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 54, yampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kushinda vizuizi vyake. Anayehitaji Breli apewe Breli. Lakini anayeona kidogo asinyimwe kalamu.

Basi twataka mambo matatu. Kila mzazi ampeleke mtoto kupimwa macho kabla ya kumwita mvivu. Wanachama walio katika kamati za shule waulize habari ya vifaa hivi. Na chama kikikaa na waajiri kuzungumza matibabu ya jamaa zetu, macho ya watoto yawemo.

Jina la mtoto wa mfanyakazi liandikwe kwa mkono wake mwenyewe.