Kisima cha Ubatizo cha Little Steeping

(Hotuba iliyosomwa kwenye sherehe ya Uhuru, kabla ya chakula)



Kamati imetutaka sisi tuliokwenda Lincolnshire tueleze tulichokiona, maana bado mnatuuliza kwa nini tulikodi basi zima kwenda kutazama kanisa la shamba.

Kanisa lenyewe ni la Mtakatifu Andrea, Little Steeping. Ni dogo, limejengwa kwa jiwe la kijani-kijani linalochimbwa sehemu zile, nalo lina umri wa miaka mia sita na zaidi. Ndani kuna kisima cha ubatizo cha jiwe, cha zamani sana. Mzee mmoja kati yetu, mtu wa Unguja, alikiita birika, watoto wakacheka wakidhani anataka chai. Ikabidi awaeleze kwamba kwao birika ni lile la msikitini, la kutawadhia.

Visima hivi vina mambo yake. Zamani maji yake yalibarikiwa yakakaa humo muda mrefu, na watu wakawa wanayaiba kwa ajili ya uchawi. Ndiyo, uchawi, hapahapa Uingereza! Mwaka 1236 Askofu Mkuu wa Canterbury, Edmund, akaamuru visima vyote vifunikwe na kufungwa kwa kufuli. Miaka ya 1640, wakati wa vita vyao wenyewe kwa wenyewe, Bunge likavikataza, watoto wakabatizwa kwa bakuli. Mfalme aliporudi mwaka 1660, visima navyo vikarudi.

Sasa tufike kwenye lililotupeleka. Padri wa kijiji hicho alikuwa Edward Steere, mwanasheria aliyeacha sheria akawa mtumishi wa kanisa. Jirani yake, padri wa Burgh le Marsh, William Tozer, aliteuliwa kuwa askofu wa misheni ya Afrika ya Kati, Steere akafuatana naye. Walifika Unguja Agosti 1864. Mwaka 1868 Steere alirudi kijijini kwake, na alipokuwa huko, mwaka 1870, vikatoka vitabu vyake viwili: kimoja cha kufundishia Kiswahili, kingine cha hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja. Yaani Punda wa Dobi, ambaye bibi zetu walituhadithia, aliwahi kukaa kwenye meza ya padri wa Little Steeping. Baadaye Steere alirudi Unguja, akawa askofu mwaka 1874, akalijenga kanisa la Mkunazini palipokuwa soko la watumwa. Alifariki hukohuko mwaka 1882. Wanakijiji walilikarabati kanisa lao mwaka 1912 kwa kumkumbuka. Katika kazi hiyo jiwe lililokuwa likikanyagwa kama ngazi liligeuzwa, kumbe ni sanamu ya padri wao wa karne ya 14, amelazwa kifudifudi!

Lakini pale kisimani sisi hatukuwa tunamfikiria Steere. Tulifikiria majina. Tozer alipofika Unguja, Sultani alimkabidhi watoto watano waliokamatwa kwenye jahazi la watumwa. Watoto wa namna ile walipobatizwa walipewa majina ya Kiingereza. Walikuwa wamekwisha kunyang'anywa mama, kijiji na lugha; na jina nalo likasogezwa nyuma. Hatusemi waliowabatiza walikuwa na nia mbaya. Tunasema mtoto hakuulizwa. Hata hivyo majina mengine yalishikilia. Mmoja wa wale watano tunamjua kama John Swedi, akawa shemasi. Padri wa kwanza Mwafrika wa misheni ile, aliyewekwa wakfu mwaka 1890, ni Cecil Majaliwa. Cecil alipewa. Majaliwa ni Kiswahili chetu.

Sisi wauguzi tulikuwa wanne ndani ya basi lile, na jambo hili linatugusa kazini. Kanisa la Uingereza linaruhusu mtu yeyote kumbatiza mtoto aliye hatarini, na muuguzi huitwa usiku, mtoto njiti hali yake mbaya, padri yuko njiani. Maji huwa ndani ya kibakuli tu. Neno la kwanza tunalomwuliza mama ni: anaitwa nani? Na tumeona akina mama wa kwetu, kitanda hichohicho, wakitaja jina fupi la Kizungu ili wasitusumbue kuandika. Tusumbueni. Iwe jina lilitolewa kwa maji au siku ya akika, litajeni lote, tutaandika herufi moja moja. Nyumbani vilevile: mwalimu akishindwa kulitamka, msimpunguzie mtoto wenu jina, mfundisheni mwalimu.

Tulipokuwa tunaondoka, watoto walipewa kitabu cha wageni watie sahihi. Mmoja, ambaye shuleni anaitwa kwa herufi mbili tu, alimwuliza babu yake jina la babu wa babu yake. Mzee akamtajia. Dereva alikuwa anapiga honi, nasi tukamwambia angoje, mtoto bado anaandika.