THELUTHI MBILI NI YA NANI? MADA NILIYOITOA KWENYE SEMINA YA VIJANA, NOVEMBA 2014



Nimepewa dakika ishirini nizungumzie utaratibu wa kupata Katiba mpya. Najua mada yenyewe ni kavu. Mngependa tuongelee uchaguzi wa serikali za mitaa mwezi ujao, na mna haki. Lakini nitaanza na kisa kilichonikuta wiki iliyopita kijiweni.

Nimepanda bodaboda, dereva akaona fulana yangu. Akaniuliza, "Kaka, nyie si mlisusa Dodoma? Waliobaki wamepiga kura, Katiba imepita. Sasa mnalia nini?"

Jamani, nilibabaika. Nikaanza kumwambia habari za maccm na ubabe, akacheka. Akasema, "Hujanijibu." Na kweli sikuwa nimemjibu. Nilikuwa nimepiga kelele tu. Nikarudi nyumbani nikaifungua Sheria ya Mabadiliko ya Katiba nikaisoma. Leo nawapa jibu ambalo nilipaswa kumpa yule kijana.

La kwanza ni historia fupi. Katiba tunayoitumia ni ya mwaka 1977. Aprili mwaka ule Bunge la kawaida liligeuzwa kuwa Bunge Maalum, likaipitisha. Wananchi hawakupigiwa kura ya kuulizwa wanaitaka au hawaitaki. Ndiyo maana tulipoambiwa safari hii itakuwa tofauti, wengi tuliamini. Tume ya Jaji Warioba ikaapishwa 2012, ikazunguka nchi nzima, wazazi wetu wakasimama kwenye mikutano wakatoa maoni. Desemba 2013 rasimu ya pili ikakabidhiwa.

Rasimu ile ilikuwa na Muungano wa serikali tatu. Ilikuwa na ukomo wa vipindi vya ubunge. Ilimpa mwananchi uwezo wa kumwondoa mbunge wake kabla ya muda. Ilisema waziri asiwe mbunge. Tafuteni hayo mambo kwenye Katiba Inayopendekezwa iliyopitishwa tarehe 2 Oktoba. Hamtayaona.

Hapa wenzetu wana hoja, na tusijifanye hatuisikii. Wanasema: sheria imelipa Bunge Maalum mamlaka ya kujadili na kupitisha, na chombo kinachojadili hakiwezi kuwa muhuri tu. Ni kweli. Mimi sitaki Bunge la kugonga muhuri, hata muhuri wa Warioba. Bunge linaweza kurekebisha. Swali ni hili: ukimpa fundi ramani ya nyumba, anaweza kuhamisha dirisha, anaweza kuongeza mlango. Akibomoa msingi na kujenga nyumba nyingine, bado utasema amefuata ramani yako? Na kama maoni ya wananchi yanaondolewa na wajumbe ambao 201 kati yao waliteuliwa na Rais, basi kulikuwa na haja gani ya kuwaita wananchi mikutanoni? Hilo ndilo lililowatoa UKAWA ukumbini tarehe 16 Aprili.

Sasa tuje kwenye theluthi mbili, maana hapo ndipo pana jibu la bodaboda.

Sheria inasema kila kifungu kiungwe mkono na theluthi mbili ya wajumbe wote kutoka Tanzania Bara, na theluthi mbili ya wajumbe wote kutoka Zanzibar. Hilo neno "wote" lipigieni mstari. Hesabu haiangalii waliokaa ukumbini siku hiyo. Inaangalia orodha nzima. Na jambo hili halikuzuliwa na Tume. Hata Katiba ya sasa, Ibara ya 98, mambo makubwa ya Muungano yanataka theluthi mbili ya Wabunge wa kila upande. Sababu iko wazi: Bara ni kubwa, Zanzibar ni ndogo. Tukihesabu vichwa kwa jumla, mdogo atamezwa kila siku.

Nichukue mfano wa namba tu, msininukuu kama takwimu. Tuseme upande mmoja una wajumbe 210. Theluthi mbili ni 140. Wakitoka 70, waliobaki ni 140 kamili, hakuna hata mmoja wa kupoteza. Wakitoka 71, haiwezekani tena kupitisha kitu. Umeona? Kutoka nje kulikuwa na uzito ndani ya hesabu. Mtu aliyesusa hakuhesabiwa kama "ndiyo" wala hakufutwa kwenye orodha. Kwa hiyo bodaboda wangu anaposema "mlikimbia", jibu ni kwamba kiti kitupu nacho kilikuwa kinahesabiwa.

Na waliobaki walilijua hilo vizuri. Ndiyo maana kanuni zilibadilishwa katikati ya mechi, ili wajumbe waliokuwa nje ya nchi, wengine wako Makka kwenye hija, wapige kura huko huko waliko. Sina ugomvi na mtu aliyekwenda kuhiji, Mungu ampokelee. Ninachouliza ni kwamba kanuni inayobadilishwa mnapokaribia kuhesabu, imebadilishwa kwa faida ya nani? Refa akisogeza goli dakika ya themanini, hata bao likiwa safi kiasi gani, uwanja mzima utaguna.

Jambo la tatu ni kura yenyewe. Mwezi Machi walibishana kwa siku nyingi, iwe ya siri au ya wazi. Mwisho wakakubaliana kila mjumbe achague. Mnaweza kusema huo ni uhuru. Lakini kaa kwenye kiti cha mtu aliyeteuliwa. Mwenzako kulia anapiga ya wazi, kushoto anapiga ya wazi, wewe unaomba karatasi ya siri. Tayari umeshajitangaza! Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, Othman Masoud Othman, alisimama akazikataa hadharani baadhi ya ibara. Mwezi huo huo wa Oktoba akaondolewa kwenye cheo chake. Sababu waeleze wao. Mimi nasema tu kwamba kila mteule aliona.

Makamanda, hapa ningeweza kumaliza tukapiga makofi. Lakini kuna jambo linanikereketa na lazima niliseme.

Mwaka jana kwenye tawi letu tulitaka kumwondoa katibu. Alikuwa mzembe kweli, hilo halina ubishi. Siku ya kikao akidi haikutimia, tulipungua watu wanne. Mmoja wetu akanyoosha mkono akasema tuahirishe. Mimi ndiye nilikuwa mezani. Nikamjibu, "Tuendelee tu, sote lengo letu ni moja." Tukapiga simu kwa watu wawili, tukaandika majina yao kwamba walikuwepo. Tukamwondoa. Yule aliyenyoosha mkono hajarudi kwenye kikao mpaka leo.

Nilipokuwa naisoma sheria usiku ule, nikifika kwenye habari ya kura za kutoka mbali, nikamkumbuka yule dada. Nikajiuliza tofauti yangu na wale wa Dodoma ni nini. Ukubwa wa ukumbi tu. Jumamosi nitakwenda kwake kumwomba radhi, na tawi litaitisha kikao upya, chenye akidi. Hatuwezi kudai utaratibu mjengoni na kuuchinja tawini.

Sasa tufanye nini? Kura ya maoni imetajwa kuwa tarehe 30 Aprili 2015. Viongozi wetu watatoa msimamo wa kushiriki au kutoshiriki, na mjadala huo uko wazi, hata humu ndani tunatofautiana. Lakini yapo mambo matatu ambayo hayasubiri msimamo wa mtu.

Moja, someni. Kaeni na Rasimu ya Warioba mkono mmoja, Katiba Inayopendekezwa mkono mwingine, mwonyesheni jirani kilichotoka.

Mbili, ulizeni kuhusu daftari. Kijana aliyefikisha miaka 18 baada ya uchaguzi wa 2010 jina lake haliko. Uandikishaji kwa mashine za BVR haujaanza nchi nzima, na Aprili si mbali. Siku vituo vikifunguliwa, uwe wa kwanza kwenye foleni, maana bila kadi msimamo wowote ule ni maneno.

Tatu, kumbukeni kwamba kwenye kura ya maoni pia ushindi unatakiwa uzidi nusu ya kura halali Bara, na uzidi nusu Zanzibar. Mlango ule ule wa pande mbili. Mtu asiwaambie kura ya Mpemba haina kazi.

Yule bodaboda namba yake ninayo. Nimemwalika kikao cha Jumamosi. Kasema atakuja kama hatutampigia kelele.

 Naomba maswali.