Zawadi za Kadi na Mfuko wa Mwanachama



Mwanachama anayeuza mikungu yake ya ndizi katika soko la Kiwira leo hubeba vitu ambavyo wazazi wake hawakuvijua. Baba yake alipokea noti mkononi mwa mnunuzi. Mama yake akazifunga kwenye pindo la kanga, na zilizosalia zikawekwa ndani ya kopo chini ya kitanda. Mwanachama wa leo ana laini mbili au tatu za simu, na kila laini ina mfuko wake wa fedha. Ana kadi ya benki, pengine mbili. Ana kitabu cha Chama cha Akiba na Mikopo. Na bado ana noti chache za nauli.

Kila kimoja katika vitu hivyo humwita kwa sauti yake. Mtandao wa simu humpa pointi kila anapotumia huduma, kama ilivyo kwa Tuzo Pointi ya Vodacom. Benki nayo humwambia kwamba akilipa kwa kadi badala ya noti ataingia katika droo ya fedha taslimu, kama ilivyokuwa katika kampeni za NMB ziitwazo MastaBata. Ndipo linapozuka swali: katika vyote hivyo, kipi kibebwe kila siku na kipi kiachwe nyumbani? Wengi hulijibu kwa kutazama ukubwa wa zawadi. Madhumuni ya mazungumzo haya ni kuonyesha kwamba zawadi ndicho kitu cha mwisho kutazamwa, na kueleza yale yanayopaswa kutangulia.

ZAWADI HIZI ZILIKOANZIA

Ili kuielewa zawadi ya kadi, yafaa kwanza kufahamu ilikoanzia. Katika Marekani, kadi ya Diners Club ilianza mwaka 1950 mjini New York, ikimwezesha mtu kula hotelini na kulipa baadaye. Mwaka 1958 Bank of America ilianza kutoa kadi yake ya mkopo mjini Fresno, California. Kadi hiyo ndiyo iliyopewa jina la Visa mwaka 1976. Miaka hiyo kadi ilitangazwa kwa urahisi wake, si kwa zawadi. Mwaka 1981 shirika la ndege la American Airlines lilianza kuwahesabia wasafiri wake maili walizosafiri na kuwalipa kwa tiketi. Mwaka 1986 ikatokea kadi ya Discover, ambayo ilimrudishia mteja sehemu ya fedha aliyotumia. Tangu hapo benki nyingi zimeshindana kwa zawadi, hata wako Wamarekani wanaobeba kadi nne au tano: moja ya mafuta ya gari, moja ya chakula, moja ya safari.

Fedha ya zawadi hizo haitoki mbinguni. Hutoka mahali pawili. Kwanza, mwenye duka hukatwa sehemu ya kila mauzo yanayofanywa kwa kadi, mara nyingi kati ya asilimia 1 na 3, naye huirudisha katika bei ya bidhaa zake. Kwa hiyo hata anayelipa kwa noti huchangia zawadi ya mwenye kadi. Pili, wako wenye kadi wasiomaliza deni lao mwisho wa mwezi, nao hutozwa riba kubwa. Basi anayelipa deni lote kwa wakati hupata zawadi kwa gharama ya mwenziwe aliyechelewa.

USHIRIKA ULITANGULIA

Jambo la kumrudishia mteja sehemu ya alichotumia halikubuniwa na benki. Mwezi Desemba mwaka 1844, katika mji wa Rochdale nchini Uingereza, watu 28, wakiwemo wafumaji wa nguo, walifungua duka la pamoja. Waliuza kwa bei ya soko. Na kipindi cha hesabu kilipokwisha, ziada iliyopatikana waligawana kwa kadiri ya manunuzi ya kila mwanachama. Aliyenunua zaidi alirudishiwa zaidi. Hiyo ndiyo kanuni iliyosambaa katika vyama vya ushirika duniani, na mkulima wa Rungwe huitambua pale anapolipwa malipo ya pili, au bonasi, kwa kadiri ya kilo za mazao alizopeleka.

Tofauti ya zawadi hizo mbili ni kubwa. Katika ushirika, ziada hujulikana baada ya hesabu kufungwa na kukaguliwa, na mgawo wake hukubaliwa katika mkutano mkuu ambamo kila mwanachama ana kura moja. Katika kadi, mtoaji ndiye anayepanga kiwango, ndiye anayekibadili, na ndiye anayeamua siku pointi zitakapokufa. Mwanachama mwenye kadi hana mkutano wa kuuliza.

Si kweli hata hivyo kwamba kampuni haziwezi kugawa. Mwaka 2014 Tigo Pesa, ambayo tangu mwaka 2024 huitwa Mixx by Yas, ilianza kuwagawia watumiaji wake faida iliyotokana na fedha zao zilizowekwa benki. Lilikuwa jambo jema. Faida hiyo ilitokana na fedha ya watumiaji wenyewe, nayo ilistahili kuwarudia.

HESABU YA MWAKA MMOJA

Na uchukuliwe mfano wa mwanachama mwenye shamba la chai karibu na Katumba. Viwango vitakavyotajwa ni vya mfano tu; kila mwanachama aweke viwango vya kadi na simu yake mwenyewe.

Kadi yake inamrudishia shilingi 1 kwa kila shilingi 100. Akitumia shilingi 200,000 kwa mwezi atarudishiwa shilingi 2,000, yaani shilingi 24,000 kwa mwaka. Hilo ni pato la kweli, wala si la kudharauliwa.

Lakini mwanachama huyo huyo alilipa ada ya shule kwa mkopo wa kadi, na deni la shilingi 100,000 likakaa mwaka mzima kwa riba ya asilimia 4 kwa mwezi. Kila mwezi ametoa shilingi 4,000. Kwa mwaka shilingi 48,000. Ametoa 48,000 na kupokea 24,000, na deni lenyewe bado liko pale pale.

Tena ana laini tatu. Fedha ya ndizi huingia katika laini moja, fundi hulipwa kwa laini nyingine, na ndugu walioko mjini Mbeya hutumia ya tatu. Akihamisha au kutoa fedha mara nne kwa mwezi kwa gharama ya shilingi 1,500 kila mara, ametoa shilingi 6,000 kwa mwezi na shilingi 72,000 kwa mwaka. Hakuna siku aliyoona mzigo, kwa sababu zilikatwa kidogo kidogo. Wahenga walisema: chovya chovya yamaliza buyu la asali.

Mwisho, ili afikishe pointi za zawadi, amenunua kitu cha shilingi 20,000 ambacho hakukihitaji. Kwa ununuzi huo amerudishiwa shilingi 200.

MASWALI MATATU KABLA YA ZAWADI

Mwanachama anayetaka kuchagua kwa akili na aviulize vitu vyake maswali matatu, kwa utaratibu huu.

La kwanza: kinafanya kazi mahali anapopita? Kadi nzuri ya benki haina msaada kwa mtu wa Kandete au Ikuti ikiwa duka analonunulia halina mashine, na mashine ya kutolea fedha iko mbali hadi alipe nauli kuifikia. Huko wakala wa simu au Lipa Namba ya mwenye duka vina thamani zaidi kuliko zawadi yoyote.

La pili: kinagharimu nini kwa mwaka? Zihesabiwe ada ya kadi, makato ya akaunti, gharama ya kutuma, gharama ya kutoa, na nauli. Gharama hizo hubadilika. Mwezi Julai 2021, Serikali ilipoweka tozo juu ya kutuma na kutoa fedha kwa simu, malalamiko yalikuwa mengi. Mwezi Septemba mwaka huo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na baadaye ikapunguzwa tena. Funzo lake ni kwamba asiyekuwa na njia ya pili hubebeshwa kila mabadiliko.

La tatu: fedha inayolipwa ni yake, au ni deni? Hapa ndipo wengi hupotea. Kadi nyingi zilizo mikononi mwa Watanzania hutoa fedha ya mwenyewe iliyoko katika akaunti. Hizo si za mkopo. Lakini zipo kadi za mkopo, na zipo huduma za simu, kama Songesha ya M-Pesa, ambazo hukamilisha malipo pale salio lisipotosha. Hizo ni mkopo hata kama ni wa shilingi elfu mbili, na mkopo una gharama. Anayeutumia ajue gharama yake kabla ya kubonyeza namba.

Kitu kinachopita maswali hayo matatu ndicho kitazamwe zawadi yake. Vikiwa viwili vinavyolingana, chenye zawadi nzuri kichukuliwe. Aidha, zawadi ya hakika itofautishwe na droo. Jina likitoka katika droo ni furaha. Lakini droo si pato la kupangia matumizi ya nyumba.

MFUKO WA KILA SIKU

Kwa wanachama wengi wa Rungwe, vitu vitatu vyatosha.

Cha kwanza ni laini moja ya fedha, ile yenye wakala wa karibu na inayotumiwa na watu wengi anaolipana nao. Laini nyingine zisiwekwe fedha, na isiyotumika kabisa ifutwe. Mwanachama aweza kupiga *106# ili ajue namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake.

Cha pili ni kadi moja ya benki, ile ya akaunti inayopokea fedha ya chai, maziwa au parachichi. Fedha kubwa ikae humo. Simu ibebe ya wiki.

Cha tatu ni noti kidogo, kwa siku mtandao utakapokatika au simu itakapozima.

Kitabu cha Chama cha Akiba na Mikopo hakina haja ya kubebwa. Mahali pake ni nyumbani, palipo salama. Kadi ya mkopo inamfaa mwenye pato la kila mwezi, mathalani mwalimu wa Tukuyu, ikiwa tu hulipa deni lote kabla ya siku ya riba. Kwake yeye zawadi ni faida halisi. Mkulima ambaye fedha ya parachichi humjia kwa msimu aihofu kadi hiyo, kwa kuwa riba haingoji mavuno.

Vitu vichache pia hulindwa kwa urahisi. Namba ya siri isiandikwe nyuma ya kadi, wala asipewe wakala. Ujumbe usemao "ile pesa tuma kwenye namba hii" usijibiwe, bali upelekwe kwa namba 15040.

KAZI YA KATIBU

Yafaa mazungumzo haya yasiishie kwa mwanachama peke yake. Mwanachama hakimbilii mkopo wa simu kwa sababu ya pointi. Hukimbilia huko usiku ambao mtoto ameugua, wakati dirisha la chama limefungwa na malipo ya mazao hayajatoka. Chama kikichelewa, simu haichelewi. Hasara ya shilingi 48,000 iliyohesabiwa hapo juu mara nyingi huanzia katika ofisi ya chama.

Kwa hiyo katibu atangaze siku ya malipo na aishike. Ikibadilika, wanachama waambiwe mapema pamoja na sababu. Chama cha Akiba na Mikopo kiwe na mkopo mdogo wa dharura wenye masharti mafupi, unaoweza kutolewa bila kungoja kikao cha mwezi. Riba yake iandikwe ukutani kando ya mfano wa gharama ya mkopo wa simu, kila mtu ajisomee. Hesabu zikaguliwe na kusomwa katika mkutano mkuu kwa lugha nyepesi, maana gawio lisiloelezwa halina nguvu mbele ya droo inayotangazwa redioni. Vyama vinavyohitaji benki vizitazame gharama za benki zote kwa maswali yale yale matatu, ikiwemo Benki ya Ushirika iliyozinduliwa Dodoma tarehe 28 Aprili 2025, ambamo vyama vya ushirika ni wenye hisa. Benki hiyo nayo isichaguliwe kwa jina lake tu.

Ndugu Makatibu na Wanachama, kazi ya kuanzia ni ndogo. Kabla ya malipo yajayo ya chai, kila mwanachama na atoe mezani vitu vyote vya fedha alivyo navyo, aandike kando ya kila kimoja kilichomgharimu mwezi uliopita, na kando yake zawadi aliyoipata. Asiyejua kuandika asaidiwe na mtoto wa shule. Karatasi hiyo na iletwe chamani, ili katibu naye aone wanachama wake wanapotezea wapi fedha ambayo chama kingeweza kuwaokolea.