Koko na mshumaa wake wa usiku

Masomo: Kumbukumbu la Torati 22:8, Luka 2:36-38



Leo ninasema na wazee wetu, akina koko, pamoja na watoto wanaoishi nao. Katika Luka tunamkuta Ana, mjane wa miaka 84, aliyekuwa hekaluni usiku na mchana akifunga na kuomba. Kanisa letu lina akina Ana wengi. Saa nane ya usiku sisi tunakoroma, wao wako magotini. Lakini umeme umekatika, na kando ya kitanda kunawaka mshumaa.

Mama yangu ni mmoja wao. Usiku mmoja alibandika mshumaa kwenye kifuniko cha plastiki, akauweka juu ya kiti karibu na chandarua. Akaomba, usingizi ukamchukua. Plastiki ikayeyuka, mshumaa ukaanguka, chandarua kikashika moto. Mimi nilikuwa kwenye mkesha, na mlango nilikuwa nimeufunga kwa kufuli upande wa nje, nikisema ninamlinda na wezi. Majirani walibomoa mbao za ukuta wakamtoa. Mkono wake wa kuume una makovu mpaka leo. Watu waliniambia ni kazi ya shetani. Mimi ninajua ufunguo ulikuwa mfukoni mwa nani.

Wengine husema: "Pasta, mwenye imani haogopi moto." Basi someni Kumbukumbu la Torati. Mungu anamwagiza mtu anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kwenye paa, mtu asije akaanguka, na damu ikawa juu ya nyumba ile. Mungu aliweza kutuma malaika kwenye kila paa. Alitaka ukingo.

Koko, ukingo wako ni taa ndogo ya betri au ya jua, ikae karibu na mto. Kama huna ila mshumaa, usimamishe ndani ya kopo la chuma lenye mchanga, mahali pasipotikisika, mita moja au zaidi kutoka kwa chandarua, pazia na nguo. Omba ukiwa umeketi kitini, si kitandani. Usingizi ukianza kuja, zima. Mungu anasikia hata gizani.

Mikono ikitetemeka, pua isipotambua tena harufu ya kuungua, si aibu, ni miaka. Kwa hiyo usiongeze petroli kwenye taa inayowaka. Ukipika, kitenge kisining'inie juu ya babula. Mafuta yakiwaka kwenye sufuria, yafunike kwa kifuniko. Usimwage maji hata kidogo.

Tena hiyo babula. Usiku wa Bukavu una baridi, ninajua, na mifupa ya mzee inaisikia zaidi. Lakini babula isilale chumbani na mtu. Hata isipochoma kitu, makala hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na mtu hulala asiamke. Mnunulieni koko blanketi ya pili. Na pale Kadutu, nyumba za mbao zilivyoshikana, moto wa chumba kimoja ni moto wa avenue nzima.

Ninyi watoto, msimfungie mzee kwa nje. Ufunguo ukae ndani, kwenye msumari ambao mkono wake unaujua gizani. Asiyeweza kutembea vizuri alale chumba cha karibu na mlango. Nguo yake ikishika moto asikimbie. Mlazeni chini, mfunikeni kwa blanketi nzito. Palipoungua mwagieni maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha hospitali. Si dawa ya meno, wala mafuta, hata yale yaliyoombewa. Hayo mpakeni kwenye paji la uso.

Na msimkemee. Koko akikemewa kwa ajili ya mshumaa, ataendelea kuuwasha kwa kujificha, na hapo hamtajua tena mahali anapouweka. Kaeni naye, mwombeni akuonyesheni anavyojiandaa kulala.

Mama bado anaamka saa nane. Analalamika kwamba mwanga wa taa ya jua ni mweupe mno, unamwumiza macho, na kwamba mshumaa ulikuwa mzuri zaidi. Mlango anaufunga yeye mwenyewe, kwa ndani.