Mboga Zetu na Mvua Isiyo na Ahadi

(Hotuba kwa wakazi wa Kariakoo na Posta)



Tumekuja kuzungumza nanyi habari ya mboga, na asicheke mtu. Mwenye kununua kila fungu la mchicha hana sauti juu ya bei yake. Mvua ikizidi, bustani za mabondeni huoza, na fungu la sokoni hupungua majani na kupanda bei. Jua likizidi, ni yale yale. Wanaokula ugali mkavu ni watoto wetu.

Wazee walisema dalili ya mvua ni mawingu. Masika yetu ni Machi hadi Mei, na vuli ni Oktoba hadi Desemba. Lakini Desemba 2011 mvua ya siku chache ilijaza Jangwani maji, na watu zaidi ya 40 wakafa mjini humu. Misimu mingine mawingu huja, yakatupita.

Sisi wenyewe tulikosea. Mvua ya kwanza ya Machi ilipoanguka, tulimwaga mbegu zote uani siku moja. Likaja jua kali, miche ikakauka. Tukanunua mbegu nyingine. Mvua ya usiku mmoja ikazizoa pamoja na udongo hadi mtaroni. Fedha ya kitoweo ikaenda na maji. Hapo ndipo tulipojifunza.

Kwanza, tuzigawe mbegu mafungu matatu, tupande moja kila baada ya wiki mbili. Mchicha huvunwa kwa wiki tatu au nne tu. Fungu moja likifa, jingine lipo. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa tuusikilize, lakini akiba ya mbegu tusiimalize.

Pili, mwenye ua ainue tuta ili maji yasituame. Anayekaa ghorofani asiseme hana shamba. Debe bovu au gunia, likitobolewa chini na kujazwa udongo wenye samadi iliyooza, latosha. Mvua kali ikija, debe husogezwa barazani.

Tatu, mbegu za mchicha ni ndogo mno: tuzichanganye na mchanga, tuzifunike kwa udongo kidogo, na makuti juu mpaka ziote. Pembeni tupande vipande vya mashina ya matembele. Yakishika mizizi hustahimili jua kuliko mchicha, na huchumwa tena na tena.

Nne, tusimwagilie maji ya Mto Msimbazi wala ya mtaroni. Yamebeba uchafu wa viwanda na vyoo. Maji tuliyooshea mchele yanafaa.

Ndugu zangu, hatusemi debe moja litamaliza shida ya nyumba. Twasema siku bei ikipanda, mama atakuwa na chungu cha mboga kisichomngoja mchuuzi. Haba na haba hujaza kibaba. Tukitoka hapa, kila mmoja akatafute debe lake.