Kipanya Kinapogoma Baada ya Kompyuta Kupandishwa Mfumo

Mada iliyowasilishwa kwa watumiaji wa bidhaa na huduma, Itumba, Wilaya ya Ileje, Mkoa wa Songwe



Tunazungumza leo juu ya bidhaa ya bei ndogo ambayo ikigoma hukwamisha kazi kubwa. Kipanya kisipofanya kazi, katibu wa chama cha ushirika hushindwa kufunga hesabu za kahawa, mwenye stesheneri hushindwa kumhudumia mteja aliyesimama mbele yake, na mwalimu huchelewesha matokeo ya wanafunzi.

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa mfumo wa Windows 10, na watumiaji wengi wamehamia Windows 11. Kompyuta nyingi huvuka salama. Baadhi huwaka vizuri, lakini mshale kwenye kioo hausogei. Hapo mtumiaji hukimbilia kununua kipanya kipya, nacho kikagoma. Kisha humlipa fundi kwa kazi ambayo angeweza kuifanya mwenyewe. Kwa mkazi wa Ileje huongezeka nauli ya kwenda Tunduma na kurudi.

Kwa hiyo tunawasihi: msitoe fedha kabla ya kujua kosa liko wapi. Laweza kuwa kwenye kipanya, kwenye tundu kinapochomekwa, au kwenye mfumo wenyewe. Anayejua kosa lilipo hujua pia nani wa kumdai.

Kwanza, kipimeni kipanya. Kichomeni kwenye kompyuta nyingine. Kikigoma huko pia, kipanya ndicho kibovu. Kama hakina waya, badilisheni betri, hakikisheni swichi yake imewashwa na kipokezi chake kimechomekwa. Kinachotumia Bluetooth huenda kikahitaji kuunganishwa upya na kompyuta.

Pili, pimeni tundu. Hamishieni kipanya kwenye tundu jingine la USB, kisha zimeni kompyuta na kuiwasha upya. Kipanya cha zamani chenye plagi ya duara kisichomolewe wala kuchomekwa kompyuta ikiwa inawaka, izimwe kwanza.

Tatu, chunguzeni mfumo. Kila kifaa huwasiliana na kompyuta kupitia programu ndogo ambayo mafundi huiita draiva. Mfumo ukipandishwa, draiva ya zamani yaweza isielewane na toleo jipya. Kipanya kikiwa kizima kwenye kompyuta nyingine na kikagoma kwenye matundu yote ya kwenu, huenda kosa liko hapa.

Kibodi pekee yatosha kulirekebisha. Bonyezeni kitufe chenye alama ya Windows pamoja na X, kisha M. Utafunguka ukurasa uitwao Device Manager. Kwa kitufe cha Tab ingieni kwenye orodha, mshuke kwa vitufe vya mishale hadi kwenye kundi la vipanya, mlifungue kwa mshale wa kulia, mchague kipanya chenu na kubonyeza Enter. Kwa Ctrl na Tab nendeni sehemu iitwayo Driver. Palipoandikwa Roll Back Driver hurudisha draiva iliyotangulia. Pakiwa pamefifia, chagueni Uninstall Device, kisha washeni kompyuta upya; mfumo utakitambua kipanya na kukiwekea draiva tena.

Yote yakishindikana, Windows 11 huruhusu kurudi kwenye toleo lililotangulia, kwa kawaida ndani ya siku 10 tangu kupandishwa, kupitia sehemu ya Recovery kwenye mipangilio. Hifadhini kwanza nakala ya kazi zenu kwenye flashi. Siku hizo zikipita, nafasi hiyo hufungwa. Basi msikae na tatizo mkingoja lijitatue.

Ndugu wananchi, sasa tuangalie uwajibikaji. Kipanya kipya kilichogoma kwenye kompyuta mbili kirudishwe kwa muuzaji. Tangazo la ukutani kwamba mali ikishauzwa hairudishwi halimwondolei muuzaji wajibu wa kuuza bidhaa inayofaa kwa matumizi yake, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumhadaa mtumiaji. Lakini haki ina pande mbili: kipanya kilichoanguka mkononi mwenu au kuchakaa kwa miaka ya kazi si deni la muuzaji.

Kosa likiwa kwenye mfumo uliopandishwa na fundi kwa malipo, fundi ndiye wa kwanza kuulizwa. Tunashauri mkubaliane naye bei kabla ya kazi, atunze nakala ya mafaili yenu, na msiondoke kabla ya kujaribu kipanya, kibodi na printa mbele yake. Dakika chache za kujaribu huepusha ugomvi wa wiki nzima.

Daini risiti kila mnaponunua. Kutoa risiti ni wajibu wa muuzaji, na kuidai ni wajibu wa mnunuzi. Asiye na risiti hubaki na neno lake dhidi ya neno la mwenye duka, hasa kwa bidhaa zinazonunuliwa harakaharaka katika masoko ya mpakani. Mzungumzeni kwanza na muuzaji kwa staha. Akikataa kuwasikiliza, pelekeni malalamiko Tume ya Ushindani mkiwa na risiti, kipanya chenyewe, kasha lake, na maelezo mafupi ya mlivyokipima na mlichokiona.

Maelezo hayo ndiyo yanayotofautisha lalamiko na manung'uniko. Mtumiaji anayesema "kimeharibika" hujibiwa kirahisi. Anayesema "nimekipima kwenye kompyuta mbili, na hii hapa risiti" husikilizwa.